Kompyuta Iliyokukatalia Sauti ya Mama Yako

Mwanangu,

Hii kompyuta ya kuingia kwenye katoni kesho si ile unayodhani unaibeba. Uliniambia nirudishe ndani yake mfumo wa zamani, nikasema, "Sawa, baba," na baada ya siku mbili nikakuambia nimerudisha. Sikurudisha. Sijamwambia mtu. Mama hajui, na Saitoti, fundi wa kompyuta wa Noonkopir aliyenipa diski, anajua nusu tu.

Usicheke nikikuita mwanangu. Wewe ndiye ulianza. Ulinipa jina la mama yako, Nafula, na kwetu mtoto akibeba jina la mtu anabeba na cheo chake, kwa hivyo umeniita mama tangu nikiwa wa kubebwa mgongoni. Maskini mama, akajikuta na mama mkwe aliyevaa nepi, na hajawahi kuacha kulalamika. "Mama mkwe, hivyo vyombo vinajiosha?" "Mama mkwe, leo umenipata na kosa gani?" Miaka kumi na minane nimekuwa mama yako na sijakupa hata shauri moja, kwa sababu mimi si mtu wa kuongea, unanijua. Kwa Kiingereza naandikiana na watu nisiowajua kwenye mtandao, na wananiamini. Kwa Kiswahili naandika insha na mwalimu anaisomea darasa. Nikiwa mbele yako, lugha zote mbili zinaingia chini ya kiti. Kwa hivyo leo niache nitumie cheo changu, angalau kwa karatasi.

Mko kwa jirani, wewe na mama, kwenye maombi ya kukuaga. Nilisema kichwa kinaniuma, na sasa kimeanza kuuma kweli.

Sitakuambia habari za neti ya mbu, wala za kuchemsha maji, wala za yule dereva wa pikapu ya shule anayekuja alfajiri na hapendi kungoja. Mama amekuambia hayo yote mpaka umeanza kumsaidia kumalizia sentensi. Sitakuambia hata habari ya kile kitambaa alichofuma cha kufunika kompyuta, ingawa kompyuta si sofa na inahitaji kupumua. Nataka kukuambia jambo moja tu, ambalo hukuniuliza kwa sababu uliona ni langu: mfumo wa faili.

Ukihifadhi mtihani wa Jiografia uliowatungia wanafunzi wako, ule unaouita FINAL FINAL MPYA, haukai mahali pamoja kama sufuria kabatini. Unakatwa vipande, vingine huku, vingine kule, na kuna kitu kinachokumbuka kila kipande kiliwekwa wapi. Hicho ndicho mfumo wa faili. Unachaguliwa mara moja, siku ile ya kuweka mfumo endeshi, halafu watu wanasahau kwamba uko. Ukichagua vibaya hutajua leo. Utajua siku unatafuta kitu.

Mimi mara ya kwanza nilichagua kwa majivuno. Nilikuwa kidato cha pili, nikasoma watu wakisifu mfumo fulani uliotengenezewa mashine kubwa, zile za kujaza chumba kizima, nikauweka kwenye hii yetu yenye kumbukumbu ndogo. Unakumbuka ilivyokuwa ikiwaka? Mama alikuwa anaiwasha, anaenda kusonga ugali, anarudi, bado. Nikaona aibu, nikafuta kila kitu haraka kabla hujarudi kutoka shule, na katika haraka hiyo zikaenda picha zote za safari ya kikundi cha akina mama kwenda Naivasha. Mama aliwaambia wenzake, "Mama mkwe amekula Naivasha, na hakubakisha hata kiboko mmoja." Walicheka. Lakini mmoja wao bado huniuliza tukikutana dukani, kwa upole kabisa, kama ile picha yake na marehemu dada yake ilipatikana. Sijui nimjibu nini, huwa naangalia mikate. Siku hizo ndizo zilinifundisha kwamba kitu kizuri kwa watu wenye mashine kubwa kinaweza kuwa ujinga kwa watu wenye kompyuta moja mezani.

Baada ya hapo nikaweka mfumo uitwao ext4, hii tunayoiita ya zamani, na sitaitukana. Ilitufaa. Unajua mama, kila akienda kulala, anazima swichi kubwa ya nyumba ndio tokens za umeme zisinyonywe na vitu ambavyo, kama anavyosema, vinalala na macho wazi. Kompyuta nyingi zingekufa kwa tabia hiyo. Ya zamani ilikuwa inaandika kwanza inachotaka kufanya, ndipo inafanya, kwa hivyo ikizimwa katikati, asubuhi inasoma pale ilipoandika na inajipanga. Wewe ulikuwa unasema, "Hii ni kama punda wa maji wa Noonkopir. Inaangushwa, inaamka, inaendelea na mzigo." Ulikuwa unaisifu na mimi nilikuwa nafurahi kama nimesifiwa mimi.

Halafu ikaja barua ya uhamisho. Shule ya mbali kupita Kajiado, kupita Bisil, nyumba ya mwalimu yenye sola ambayo, uliambiwa, inaisha ghafla walimu wote wakichomeka simu. Ukasema kompyuta utaenda nayo. Nikaanza kukosa utulivu. Hapa ikiharibika niko. Kule nani yuko? Nikaanza kusoma upya kila kitu, na ndipo nikaelewa jambo ambalo ya zamani haijawahi kutuambia: inajua vipande viko wapi, lakini haijui kama vilivyo ndani ya vipande bado ni vilevile. Diski ikianza kuchoka na herufi zikageuka, ya zamani itakupa zilizogeuka, kwa uso uleule, bila kusema kitu.

Iko nyingine, Btrfs. Wazungu kwenye mtandao wanaitamka kama "butter", yaani siagi, mama akasikia, ikawa ya siagi. Hii kila ikiandika kipande inapiga hesabu na kuweka alama yake pembeni. Ikisoma, inapiga hesabu tena. Zisipolingana, inakataa kukupa. Nikaiweka. Nikaijaribu kwa roho mbaya: nikang'oa waya ukutani ikiwa katikati ya kunakili, nikarudia, nikarudia tena, mama akauliza kama ninapigana na ukuta. Ikaamka kila mara. Nikakuonyesha, ukasema, "Mama, wewe ndiye daktari. Mimi nataka ile ya kuwaka tu."

Sasa tufike ile Jumapili.

Bibi, mwenye jina langu, hakujua kuandika. Ulipoenda chuo alienda kwa jirani mwenye redio ya kaseti, akaongea kwenye kaseti, akaituma na kondakta wa basi. Miaka mingi baadaye ukaipeleka dukani ikaingizwa kwenye kompyuta, na kaseti yenyewe ikamalizwa na joto juu ya kabati. Kabla ya safari yoyote kubwa katika nyumba hii unatukalisha tunaisikiliza. Lugha yenyewe naielewa nusu, lakini naijua yote: kuku, kikohozi, na pale anapokuuliza kama sweta bado inakutosha, halafu ananyamaza, kama anayengoja kaseti imjibu. Sauti ya mtu ambaye mimi ni yeye, na sijawahi kumwona.

Ukabonyeza. Akasalimia, akakohoa. Alipofika pale pa sweta ikakatika. Kioo cha kompyuta kikaandika kwa Kiingereza kwamba faili haisomeki. Ukabonyeza tena. Ikakatika palepale.

"Nafula, umefanya nini?"

Hukuniita mama. Sikumbuki kama umewahi kuniita jina hilo tupu, hata nilipovunja kioo cha gari la mchungaji.

"Hiyo siagi yako imekula mama," ukasema.

"Si ungoje mtoto aongee," mama akasema.

"Basi aongee. Namngoja."

Ukangoja kweli. Nakumbuka mikono yako ilikuwa juu ya magoti, kama uko hospitali. Na mimi, ambaye siku hiyohiyo asubuhi nilikuwa nimemwandikia mtu wa nchi nyingine maelezo marefu kuhusu jambo hilihili, niliinuka tu kitini. Nilienda chumbani nikaleta flash yenye nakala ya zamani, nikaichomeka, bibi akaongea mpaka mwisho. Ulisikiliza umeangalia dirisha. Ilipoisha ukasema polepole, "Rudisha ile ya zamani. Sitaki kompyuta inayonikatalia mama yangu."

"Sawa, baba."

Hiki ndicho nilipaswa kusema wakati ule ulipongoja. Siagi haikumla. Diski ndiyo ilikuwa inakufa, na pale pa sweta palikuwa pameshageuka. Ya zamani ingeweza kukuchezea palipogeuka: ungesikia mkwaruzo kidogo, ungesema ni kaseti tu ilikuwa imechoka. Na mimi mwisho wa mwezi ningenakili faili ileile iliyooza juu ya nakala nzuri iliyo kwenye flash, kwa moyo safi kabisa, kama ninavyofanya kila mwezi. Hapo ndipo angekuwa ameliwa kweli, na mwenye kumla ningekuwa mimi, na hakuna mtu katika nyumba hii angejua. Ilikukatalia kwa sababu kilichokuwa mle ndani hakikuwa tena mama yako.

Jumatatu nilimpelekea Saitoti diski.

"Sopa, Nafula," akanisalimu kwa Kimaasai.

"Ipa. Hii inalia ndani."

Akaiweka sikioni kama simu. "Hii inaaga, siz. Imeona mengi. Ulikuwa unaifunika na blanketi?"

"Kitambaa."

"Cha mama? Pole. Hivyo vitambaa vimeniletea wateja wengi kushinda Facebook." Akanitafutia nyingine, nzima, akaipima nikiona. Nikamweleza habari ya siagi na ya zamani. Akatikisa kichwa. "Wekea mzee ile ya zamani bana. Mzee hataki kuambiwa ati data imefanya nini. Anataka kuona mtihani wake. Kitu ikiharibika kule Bisil, hiyo ya zamani hata mimi naweza mwelekeza kwa simu. Hiyo ingine, mimi mwenyewe nitaanza kugoogle."

"Lakini itamdanganya."

"Wee, kwani nani hadanganyi mzee?"

Aliongea kwa mzaha, lakini nilitembea na hilo swali mpaka nyumbani, upepo ukinipiga vumbi la Kitengela machoni, na sijalitua.

Nikafika nikaweka diski mpya, na juu yake nikaweka siagi tena. Ukauliza ukiwa mlangoni, soksi mkononi, "Umerudisha ile?" Nikasema nimerudisha. Jana nikakusikia ukimwambia mwalimu mkuu wa kule kwenye simu, "Kompyuta iko sawa kabisa, mama yangu ameitengeneza mwenyewe," halafu ukacheka kwa sababu ilibidi umweleze kwamba mama yako ana miaka kumi na minane na anaogopa kuagiza nyama buchari. Nilikuwa nyuma ya mlango. Nilitaka ardhi ya Kitengela, ile nyeusi ya kupasuka wakati wa kiangazi, ipasuke hapo.

Sasa ndio hivi. Flash ya kuwekea mfumo iko kwenye kompyuta. Kioo kinaniuliza kama kifute kila kitu na kuanza upya. Nikibonyeza ndiyo, kabla ya amina ya mwisho huko kwa jirani, ile ya zamani itakuwa ndani, na uongo wangu utakuwa ukweli, na hakuna aliyeumia. Nimeketi nikanyoosha kidole. Nimesimama. Nimeenda jikoni nikafunika chapati ambazo zilikuwa zimeshafunikwa. Nimerudi.

Kwa sababu huenda una haki, mwanangu. Hilo ndilo linalonikosesha raha. Siagi ikiwa na diski moja tu inaweza kukuambia kwamba kitu kimeharibika, haiwezi kukiponya. Dawa yake ni nakala nyingine, na nakala nimekuwekea kwenye flash mbili, moja kwenye mfuko wako wa miwani na nyingine inabaki hapa na mimi, kwa sababu nakala mbili zinazolala nyumba moja ni nakala moja. Lakini siku siagi yenyewe ikivurugika, ile hesabu yake ya ndani, kuitengeneza ni kazi. Sina uhakika naweza kukuelekeza kwa simu, wewe ukiwa umesimama karibu na tangi la maji ambako ndiko mtandao unashika. Na shule nzima ikingoja mtihani. Ya zamani ingekuamkia. Ingekuamkia na uongo kidogo ndani, pengine, lakini walimu wangapi wanahitaji ukweli wote Jumatatu asubuhi?

Nilidhani nachagua kati ya mashine mbili. Nimekaa hapa nikaona nachagua namna ya kuishi na wewe.

Maana, ile ya zamani ni mimi. Unaniuliza kitu, nakupa jibu laini, lenye umbo la jibu. Uliporudi na barua ya uhamisho ulituambia mezani, kisha ukaniangalia mimi peke yangu ukasema, "Mama, mko sawa?" Nikasema, "Tuko sawa." Hatukuwa sawa. Nilitaka kusema usiende. Nilitaka kusema kwamba zile jioni zako za kuleta kiti na kuniuliza "sasa hiyo inafanya nini" ndizo saa pekee ambazo huwa naongea na mtu mpaka nimalize sentensi, na kwamba wiki tatu hizi nimekuwa nikiweka na kufuta, nikiweka na kufuta, si kwa sababu ya kompyuta peke yake. Kila mfumo niliojaribu ulikufanya ulete kiti. Ungeniuliza kwa nini kazi haiishi, ningesema ni ya kitaalamu. Hilo pia ni mkwaruzo, na hukusikia, ukadhani ni kaseti.

Kwa hivyo shauri langu, kama mama yako wa cheo, ni dogo. Usiamini kitu kwa sababu tu kinakuitikia kila unapokiita. Mimi nimekuitikia maisha yangu yote. Na usikasirikie kinachokukatalia kabla hujauliza kimeona nini. Lakini mimi nami najifunza upande wangu, kwamba ile iliyokataa ilikataa ikasema. Iliandika pale kwenye kioo, kwa Kiingereza kibaya, lakini iliandika. Mimi nilikukatalia kimyakimya nikatabasamu, nikaenda kinyume cha neno lako ndani ya kitu chako. Hata kama nilichagua vizuri, hukuchagua wewe. Kompyuta ni yako, na sauti ni ya mama yako, yule wa kwanza.

Geti limelia. Namsikia mama akimwambia jirani mmoja pembeni ya ua kwamba chapati zimebaki, aje asubuhi. Na hivyo ni viatu vyako kwenye kokoto, unatembea polepole, umeombewa sana.

Nilikuwa nimepanga kuikunja hii barua niiweke kwenye katoni chini ya blanketi, uikute kule, mahali ambapo huwezi kuniuliza kitu uso kwa uso. Nilikuwa nimeshaikunja mara moja, utaona alama. Nimeikunjua.

Kioo bado kinauliza kama kifute. Sijabonyeza. Nimeleta kiti cha pili mezani, na karatasi naiacha juu ya kibodi, ili usiweze kubonyeza chochote bila kuisogeza. Ukisoma ukasema ifutwe, nitaifuta ukiangalia, na nitakufundisha ya zamani inavyoinuliwa ikianguka. Ukisema ibaki, nitakuonyesha mahali inapoandika ikiona kitu kimegeuka, na maneno yenyewe yanamaanisha nini. Vyovyote utakavyosema, mwanangu, leo ukiuliza, nitajibu kwa mdomo.

Umefika barazani. Unavua viatu. Siifichi.